Je, Rais anaweza kuamuru simu yangu isikilizwe?

Swali: Wakili, habari ya kazi. Mimi ni msomaji wako wa Nakuru. Tangu maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, ubishi hauishi hapa stejini kwetu. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Rais, kwa kuwa ni Amiri Jeshi Mkuu na ndiye anayeongoza Baraza la Usalama wa Kitaifa, akiipigia Idara ya Kitaifa ya Ujasusi (NIS) simu moja tu, laini yangu itaanza kusikilizwa siku hiyo hiyo. Je, ni kweli? Na wakinisikiliza bila kibali, naanzia wapi?

Jibu: Habari ni njema, ndugu yangu. Kisheria mwenzako amekosea, ingawa hofu yake ina msingi.

Vyeo hivyo viwili Rais anavyo kweli. Lakini hakuna hata kimoja kinachomruhusu kunasa mazungumzo ya mtu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mawasiliano yako. Haki hiyo inaweza kupunguzwa, maana haimo katika orodha fupi ya Kifungu cha 25 ya haki zisizoguswa, ila Kifungu cha 24 kinataka ipunguzwe kwa sheria iliyotungwa, tena kwa kiasi kinachokubalika katika jamii ya kidemokrasia. Amri ya simu si sheria. Na uamuzi wowote ambao Rais anaufanya kwa mamlaka ya Katiba lazima uandikwe, utiwe sahihi na muhuri; hicho ni Kifungu cha 135.

Kwa upande wa polisi, kizuizi ni kikali zaidi, na nashangaa jinsi kinavyotajwa kwa nadra. Kifungu cha 245 kinamruhusu Waziri kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, kwa maandishi. Baada ya hapo kinasema hakuna mtu yeyote anayeweza kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani au kumchukulia mtu fulani hatua za kisheria. Hakuna mtu yeyote. Rais hakutengewa mlango wake.

NIS nao wana sheria yao ya 2012. Marekebisho ya Sheria za Usalama, yaliyotiwa sahihi Desemba 2014, yalimwongezea Mkurugenzi Mkuu uwezo wa kuidhinisha operesheni za siri. Hata hivyo kusikiliza mawasiliano kulibaki kunahitaji hati ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo, akipokea simu hiyo ya Ikulu, bado anatakiwa kumwendea jaji na kueleza sababu.

Hali ya hatari? Hata hiyo ina kikomo: ikitangazwa inadumu siku 14, na Bunge la Taifa likitaka kuirefusha linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote.

Sasa nije kwenye hofu ya mwenzako. Marekebisho yale ya 2014 yaliingiza kipengele cha 36A katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kinaruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kugundua na kuvuruga ugaidi, kwa utaratibu utakaowekwa na Waziri na kupitishwa na Bunge la Taifa. Ukikisoma, jaji humwoni. Muungano wa upinzani wa CORD ulikwenda mahakamani, na Februari 2015 majaji watano walifuta vipengele vinane vya marekebisho hayo, kikiwemo kile kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Cha kunasa mawasiliano walikiacha, wakiona tishio la ugaidi linakihalalisha. Kwa maoni yangu walikuwa wapole mno. Kibali cha jaji hakizuii vita dhidi ya ugaidi. Kinamlazimisha afisa aandike jina la anayemtafuta na kwa nini.

Tena usidhani hatari iko kwenye sauti yako pekee. Rekodi za simu, yaani ulimpigia nani, saa ngapi, ukiwa karibu na mnara upi, zinaeleza maisha ya mtu bila neno moja kusikika. Mwaka 2017 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kampuni za simu ziunganishe mitambo yao na mfumo wa kutambua simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah alishtaki, na Aprili 2018 Jaji John Mativo akasema mpango huo unavunja Kifungu cha 31. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo. Ona kwamba hapo hapakutajwa ugaidi wala Rais. Ilikuwa barua ya mdhibiti kuhusu simu feki.

Kuhusu pa kuanzia. Usimshtaki Rais binafsi kwa jambo linalodaiwa kufanywa kwa mamlaka ya ofisi yake. Kifungu cha 143 kinamkinga akiwa madarakani, na Mahakama ya Upeo ililithibitisha hilo katika kesi ya BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, Machi 2022. Washtakiwa wako ni Mwanasheria Mkuu, chombo kilichonasa, na kampuni ya simu ikiwa ilishiriki. Kifungu cha 22 kinakupa mlango wa Mahakama Kuu, na cha 23 kinaiwezesha kutoa amri ya kusitisha na fidia. Ukishtakiwa kwa ushahidi uliopatikana kwa kunaswa kinyume cha sheria, wakili wako ataje Kifungu cha 50(4) mapema: ushahidi wa namna hiyo hutupwa ukiharibu haki katika kesi.

Shida ni kujua kwamba umenaswa, maana hati huombwa wewe usiwepo. Ndiyo maana nakushauri uanze na kampuni ya simu. Iandikie barua chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, uulize ina data gani zako na imempa nani. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye sheria inamtaka ayamalize ndani ya siku 90. Huenda wakajikinga kwa msamaha wa usalama wa taifa uliomo katika sheria hiyo hiyo. Wakifanya hivyo, waandike hivyo. Karatasi hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye hati yako ya kiapo.