Kwa nini watafiti wa ndege wanapima mvua?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mkulima wa uwele na mtama wilayani Bahi. Watafiti wa ndege kutoka chuo kikuu, wakiwa na wenzao wa nje ya nchi, wameniomba nisome kipimamvua kila siku saa 3 asubuhi, na niandike sifuri hata pale ambapo jua limewaka mchana kutwa. Majirani wananiuliza sifuri ina faida gani, na wengine wanadai nyavu za watafiti zinaua ndege. Naomba ufafanuzi.
Msomaji, Bahi

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hiyo sifuri, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Nafasi iliyoachwa wazi daftarini haimwambii mtafiti kama mvua haikunyesha au kama ulikuwa umekwenda msibani, sifuri inamwambia. Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na hata ndani ya msimu huo shamba lako linaweza kulowa huku la ng'ambo ya korongo likibaki vumbi tupu. Kwa hiyo kipimo cha kituo cha mjini hakiwezi kueleza yaliyowapata ndege wa kijijini kwenu, na daftari lako halina mbadala.

Ndege wengi hawafuati maji yenyewe, bali chakula kinacholetwa na maji. Mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi na kuzalisha viwavi, hivyo walao wadudu huneemeka mapema. Walao mbegu hukutwa na kinyume chake, kwa sababu mbegu za nyasi zilizosalia ardhini tangu kiangazi huota zote karibu kwa pamoja, na chakula chao kikatoweka kwa majuma kadhaa. Hapo ndipo kweleakwelea, ndege wadogo wanaovamia nafaka kwa makundi makubwa, ambao wewe mkulima wa uwele huna haja ya kuelezwa habari zao, huhamia kule ambako mvua ilitangulia na nyasi zimekwisha kutoa mbegu mpya. Tarehe ya mvua ya kwanza, na siku kavu zilizoifuata, zinaweza kueleza mengi ambayo jumla ya mwaka mzima haielezi.

Kuhusu nyavu, si haki kuwaficha majirani: ajali hutokea mara chache. Mtafiti aliyefunzwa huzikagua kila baada ya muda mfupi, na huzifunga jua likiwa kali au mvua ikianza, kwani ndege aliyelowa hupoteza joto upesi. Kila ndege hupimwa uzito, huvishwa mguuni pete nyepesi yenye namba, kisha huachiwa. Omba siku moja usimame karibu wakati mtafiti anapopuliza manyoya ya tumboni: ukiona ngozi tupu, nyekundu, iliyovimba kidogo, ujue ndege huyo yumo katika kulalia mayai. Alama hiyo ikiwekwa kando ya tarehe zako, huonekana ni siku ngapi baada ya mvua ndege walianza kutaga.

Naona pia una haki ya kuwaomba watafiti waje kuwasomea wanakijiji matokeo kwa Kiswahili, na majina ya Kigogo ya ndege hao yaandikwe. Nawe, ukiweza, andika pembeni mwa daftari siku hondohondo jike anapojiziba kwa udongo ndani ya tundu la mbuyu ili atage, akabakiza upenyo mwembamba wa dume kumpitishia chakula.