Soketi moja, uzi mmoja

Nikiletewa programu ya ZeroMQ (maktaba ya kutumiana ujumbe) inayoanguka mara mojamoja bila sababu ya kueleweka, kwanza natafuta soketi (mlango wa kutuma na kupokea ujumbe) inayoguswa na nyuzi mbili (threads, mikondo ya kazi inayoenda sambamba ndani ya programu). Mara nyingi naipata. Soketi za kawaida za ZeroMQ hazikuundwa kutumiwa na nyuzi kadhaa kwa pamoja. Kinachoruhusiwa kushirikiwa ni muktadha (context), yaani kitu kinachobeba soketi. Basi fungua muktadha mmoja kwa programu nzima, ukabidhi kila uzi, kisha kila uzi ujifungulie soketi zake.

Wapo wanaoizungushia soketi kufuli (lock), ili iguswe na uzi mmoja tu kwa wakati. Siwashauri. Uzi unaosubiri ujumbe utalala huku umeshika kufuli, na wenye haraka ya kutuma utakwama nyuma yake.

Nyuzi zizungumze kwa njia ya inproc, yaani ujumbe usiotoka nje ya programu, kwa anwani kama inproc://kazi. Zikiwa mbili tu, PAIR (aina ya soketi ya wawili) inatosha. Wafanyakazi wakiwa wengi, tumia PUSH (ya kutuma) na PULL (ya kupokea), kwa sababu PAIR haipokei mwenzi zaidi ya mmoja. Hapa pana mtego: inproc huishi ndani ya muktadha mmoja. Tangu toleo la 4.0 si lazima bind (kufungua anwani) itangulie connect (kuunganisha kwenye anwani hiyo), kwa hiyo uzi uliojiundia muktadha wake utaunganisha bila kosa lolote, kisha utangoja milele. Ukiona kimya cha namna hiyo, hesabu miktadha yako kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kimya kingine si hitilafu kabisa. Usipokibadilisha, kikomo cha foleni ni ujumbe 1,000 kila upande, na kwenye inproc pande mbili hujumlishwa. Mpokeaji akizembea, PUSH husimama ikingoja nafasi, na mimi naona ni vizuri isimame.

Tuma data yenyewe. Ukituma anwani ya kumbukumbu halafu ukaendelea kuiandika, umerudi kulekule ulikokimbia.

Kazi kubwa iko kwenye kufunga. zmq_ctx_term, amri ya kufunga muktadha, hairudi mpaka soketi zote zifungwe. Ikiitwa, uzi uliolala kwenye kupokea huamshwa na kosa la ETERM (ishara kwamba muktadha unafungwa), na hapo ndipo unapotakiwa kutoka kwenye kitanzi na kufunga soketi zake wenyewe, usingoje uzi mkuu uzifunge. Programu ikigoma kuzima, tafuta uzi unaopokea ETERM, ukaiandika kwenye logi, kisha ukarudi kupokea tena.