Spika moja kwenye boksi, amplifaya gani? Majibu yangu kutoka Uyole

Wakuu, salamu kutoka Uyole, Mbeya. Baridi ya huku wiki hii inauma, kwa hiyo nimekaa ndani na nina muda wa kuandika.

Mkuu mmoja wa hapa jukwaani, wa Mafinga, ameuliza hivi: amepata jozi ya spika za inchi 8, fulurenji, yaani spika moja tu kwenye kila boksi, hakuna twita (spika ndogo ya sauti za juu), hakuna krosova (ya kugawa sauti kati ya spika). Fundi amemchongea maboksi ya plaiwudi. Sasa anataka amplifaya, na waliomtangulia kumjibu wamemwambia achukue ya wati 500 "asije akajuta". Mimi nilipewa ushauri huohuo miaka sita iliyopita, nikaufuata, na hela ikapotea. Naomba nijibu kwa kirefu.

Kazi yangu ni kufunga sola vijijini, Rungwe mpaka Mbarali, na muziki ndio pumziko langu. Spika zangu ni Fostex FE206En, za Japani, inchi 8. Zilifika Dar kwa kago, zikapanda basi, nikazipokea stendi ya Nane Nane nikiwa nimezikumbatia kama mtoto. Karatasi yake inasema desibeli 96, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1 ukipima kwa umbali wa mita 1. Shika hiyo namba, maana ndiyo inayobeba habari yote. Spika nyingi ndogo za dukani zina desibeli 85 au 86. Tofauti ya desibeli 10 maana yake ni kwamba yangu inatoa kwa wati 1 kile ambacho ile ya dukani inahitaji wati 10 kukitoa.

Basi nikanunua Mwanjelwa amplifaya kubwa ya kumbini, yenye feni nyuma. Usiku ule nikafunga waya, nikawasha, hata simu sijachomeka. Nikasikia ssssss, kama chai inayokaribia kuchemka. Mama watoto akaniuliza kutoka chumbani kama nimeacha jiko la gesi wazi. Nikasogeza sikio kwenye spika: inatoka pale, na chini yake kuna mvumo wa umeme. Nikachomeka simu, nikagusa kitufe cha sauti, hata robo ya robo hakijafika, nyumba imejaa. Mbaya zaidi, kitufe kikiwa chini kabisa namna hiyo pande mbili hazilingani: kushoto kunasikika, kulia kumenyong'onyea. Kwa nyimbo za taratibu, zenye gitaa na sauti ya mtu mmoja, ule mchemko unasikika katikati ya kila neno.

Ile amplifaya haikuwa mbovu. Kumbini, penye kelele za watu na wasikilizaji wakiwa mbali, mchemko huo husikii. Lakini spika yenye desibeli nyingi, ukiwa karibu nayo sebuleni, inakuza kila kitu unachoipa, na uchafu pia inaukuza. Ndiyo maana kwa spika za aina hii swali la kwanza mimi siulizi wati ngapi, nauliza imetulia kiasi gani ikiwa haina muziki.

Wati zenyewe nilizipima siku ya pili. Nilichukua mita ya kawaida, nikaiweka kwenye volti za AC, ncha mbili kwenye vituo vya spika, nikapiga dansi la zamani kwa sauti ambayo mimi na mgeni tungelazimika kupaaza sauti kidogo ili tuelewane. Mita ikacheza kwenye volti 0.6, 0.7, ikigusa 0.8. Piga hesabu: 0.8 mara 0.8, gawa kwa omu 8, unapata wati 0.08. Sehemu nane za mia za wati moja! Mita ya namna hii haisomi vizuri sauti za juu, na haikamati mapigo ya ghafla ya ngoma, ambayo yanaweza kuzidi wastani mara kumi, mara thelathini. Hata ukizidisha mara thelathini hufiki wati 3. Kwa sebule ya kawaida, wati 5 mpaka 10 zilizo safi zinakutosha na kubaki. Mvua ya Machi ikianza kupiga bati, hapo hakuna wati za kuishinda, mimi nazima nasubiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, na ndilo lililonifanya nikae chini kuandika haya yote: breki.

Koni ya spika inaposukumwa haisimami yenyewe, ina mlio wake wa asili inapopenda kutikisika. Kinachoisimamisha ni sumaku pamoja na amplifaya. Amplifaya za transista za kawaida zina ukinzani wa ndani mdogo mno, chini hata ya sehemu moja ya kumi ya omu, kwa hiyo zinashika breki kwa nguvu. Kwa spika za krosova hilo ni jema. Lakini fulurenji kama yangu ina sumaku kubwa na koni nyepesi. Breki yake yenyewe tayari ni kali. Kwenye hesabu za Thiele na Small, wataalamu wa spika, hiyo inapimwa kwa namba iitwayo Qts, ikiwa ndogo breki ni kali, na ya FE206En iko chini ya 0.2. Ukiongeza breki ya amplifaya juu ya hiyo, besi inakauka. Unasikia kila kitu kwa uwazi wa ajabu, lakini mpiga besi kama amesimama nje ya mlango.

Amplifaya za valvu (zile taa za kioo za kabla ya transista) za mtindo wa zamani, zisizo na fidibaki, yaani zisizorudisha sehemu ya sauti ya kutokea ili kujisahihisha, zina ukinzani wa ndani wa omu 2 au 3, kwa hiyo breki yake ni laini. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya watu kuzisifu kwenye spika hizi. Nelson Pass, mbunifu wa amplifaya wa Marekani, alilisogeza mbele zaidi: kampuni yake ndogo inaitwa First Watt, yaani wati ya kwanza, na amplifaya yake ya F1, ya wati 10 tu, karibu haina breki, na aliitengeneza hivyo makusudi kwa ajili ya spika za fulurenji.

Jambo hili unaweza kulijaribu kwa hela ya soda, kabla hujanunua amplifaya, kwa kuazima yoyote ya transista. Nenda kwa fundi redio, mwombe rezista mbili nyeupe zile za simenti, wati 10, omu 4.7. Funga moja moja kwenye waya chanya wa kila spika, kwa mfululizo. Basi. Mimi nilizining'iniza tu kwa klipu, bila hata kulehemu. Sauti yote ilishuka, kama desibeli 4, nikapandisha kitufe kidogo. Kisha nikarudia wimbo uleule. Mama yangu, ambaye alikuwa ametutembelea kutoka Tukuyu na alikuwa akichambua maharage bila kujali mambo yangu, aliinua kichwa akasema, "Sasa huyu mama anaimbia kifuani. Mwanzo alikuwa anaimbia puani." Sijawahi kusoma maelezo mazuri kuliko hayo.

Kinachotokea ni hiki. Pale kwenye mlio wa asili, ukinzani wa spika unapanda mpaka makumi ya omu, kwa hiyo rezista ya 4.7 haina cha kupunguza. Besi inabaki ilipokuwa wakati sauti za katikati zimeshuka. Unasikia besi zaidi bila kuiongeza. Tahadhari moja: sauti za juu nazo zinapanda, kwa sababu koili ya spika inaongeza ukinzani kadiri masafa yanavyokwenda juu. Na fulurenji nyingi tayari zina kelele fulani kati ya hezi 2,000 na 6,000, ile inayochoma kwenye tarumbeta na herufi "s". Dawa yangu ya kwanza ni kutozielekeza masikioni. Zigeuze kidogo zitazame nje au zikutane mbele ya uso wako, maana spika hizi zinarusha sauti za juu kama tochi. Nyuzi kumi na tano tu zinabadilisha mambo. Kisha punguza rezista: mimi kutoka 4.7 nilishuka mpaka 3.3 na hapo ndipo nilipobaki.

Ila usifanye hivi kwa kila spika. Kama zako ni zenye sumaku ndogo, koni laini, labda zimetoka kwenye redio kubwa ya zamani, huenda Qts yake ni 0.6 au zaidi. Hizo zinataka breki. Ukizifunga rezista zitavuma kama debe. (Na kama zimetoka kwenye redio ya Philips ya valvu, pima omu kwanza. Philips walitengeneza spika za omu 800, za kuunganishwa moja kwa moja na valvu bila transfoma. Hizo hakuna amplifaya ya leo itakayozipiga inavyofaa.)

Amplifaya zenyewe sasa. Ninayotumia kila siku ni bodi ya klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, yenye chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments. Matangazo yanasema wati 50 mara mbili. Hizo ni za volti 21 na spika za omu 4. Kwa betri ya volti 12 na spika za omu 8 unapata kama wati 7 kila upande, na umeona hapo juu kwamba zinazidi mahitaji. Nimeifunga kwenye betri ya sola, kwa hiyo hakuna mvumo wa TANESCO, na umeme ukikatika mimi sina habari. Siri yake iko kwenye ukuzaji, yaani inazidisha mara ngapi kile inachopewa. Chipu hii inaweza kupangwa desibeli 20, 26, 32 au 36 kwa rezista mbili ndogo. Yangu ilikuja na 32, nikasikia tena ule mchemko, safari hii mdogo. Nikamwomba fundi mwenye mkono mtulivu na lenzi abadilishe ziwe 20. Simu ikitoa nusu volti, kwa 20, yaani mara kumi, unapata volti 5 kwenye spika, sawa na wati 3. Kitufe cha sauti sasa nakizungusha mpaka nusu na pande zote zinalingana. Mchemko nausikia nikiweka sikio kwenye koni tu.

Onyo kwa bodi hizi: nyaya hasi za kushoto na kulia usiziunganishe kamwe, wala usizigusishe kwenye kasha la chuma. Kila waya wa spika pale una volti zake. Kijana mmoja nimfahamuye aliziunganisha, chipu ikafa papo hapo.

Ninayoipenda kuliko zote lakini ni ya klasi A ya John Linsley Hood, mchoro uliochapishwa Uingereza mwaka 1969 kwenye jarida la Wireless World. Wati 10, transista nne tu kila upande, fundi yeyote makini anaijenga. Sauti yake kwa chini, pale kwenye zile sehemu za mia za wati, ni safi kuliko ile ya kumbini niliyoanza nayo, ya klasi AB, kwa sababu transista hazizimi na kuwaka katikati ya wimbi. Gharama yake ni joto: kwa spika ya omu 8 inakunywa ampea 1.2 kwa volti 27, kama wati 32 kila upande, upige muziki usipige. Saa nne ni zaidi ya wati-saa 250 kutoka kwenye betri, kwa hiyo mimi naiwasha Jumamosi jioni. Julai huku hilo joto tunalikaribisha.

Valvu nilisikiliza Iringa, Gangilonga, kwa mzee mmoja mstaafu mwenye ya EL84, wati 5 hivi. Ilikuwa nzuri sana, sitadanganya. Lakini ndani mna volti 300, transfoma ni nzito, valvu zikiisha unaagiza nje. Kwa kuanzia nisingekushauri.

Jambo la mwisho kabla hujaunganisha chochote: amplifaya ikiwa imewashwa bila spika, weka mita kwenye volti za DC, pima vituo vyake. Kwa hizi za klasi D pima kati ya chanya na hasi ya upande mmoja. Ikizidi milivolti 50, simama, usifunge. Koili ya fulurenji ni nyembamba na nyepesi, DC inaichoma kimyakimya. Ya Linsley Hood ile ya asili ina kapasita kwenye njia ya kutokea, inazuia hilo yenyewe.

Kwa hiyo mkuu, kama hiyo hela bado iko mfukoni, nunua bodi ya TPA3116D2, betri au adapta nzuri ya volti 12, na rezista za 2.2, 3.3 na 4.7, jozi moja kila aina. Maboksi yasogeze karibu na ukuta wa nyuma kwanza. Kwa boksi la upana wa sentimita 30, chini ya kama hezi 380 sauti inaanza kuzunguka nyuma na kupungua, na ukuta unakurudishia sehemu yake. Halafu tuambie hapa jina lililoandikwa nyuma ya sumaku, upana wake, na mita inasoma omu ngapi. Nikiona hivyo nitajua kama rezista zitakufaa au uziache kabisa.