Ukitaka kuruka juu ya Ruvu na Wami, anza na pa kutua

Watu wakisikia kwamba narusha ndege ya ultralaiti huku Bagamoyo, swali lao la kwanza ni la mamba. Huogopi? Nami huwajibu kwamba ukiwa angani mamba hana shughuli na wewe. Ubaya wake ni kwamba anakunyang'anya viwanja. Rubani wa ndege ndogo huruka huku akitafuta pa kushukia endapo injini itazima, na huku kwetu, kuanzia mlango wa mto Ruvu hadi wa mto Wami, mahali panapovutia kuliko pote ukitazama kutoka juu ni yale mafungu ya mchanga yaliyo kandokando ya mto. Hayo ndiyo ya kufuta kwanza kwenye ramani yako.

Ndege ninayoisema ni ile yenye bawa la kitambaa, na chini ya bawa kimening'inia kigari cha magurudumu matatu chenye viti viwili na injini nyuma. Haina usukani. Mbele ya kifua chako kuna bomba. Ukilisukuma au kulivuta, uzito wako unahama na bawa linafuata. Nilijifunzia Afrika Kusini, ambako mchezo huu una watu wengi na walimu wa kutosha, na nakusihi nawe upitie kwa mwalimu mwenye leseni, usiridhike na video za mtandaoni. Mwendo wake wa kawaida ni kilomita 80 hivi kwa saa.

Injini ikizima ndege haidondoki, inateleza. Kwa kila mita moja inayoshuka, husogea mbele mita sita au saba hewa ikiwa shwari. Wewe hesabu sita. Maana yake, ukiwa mita 300 juu, una kilomita 1.8 mkononi, na kutoka humo utoe za kugeuka na za kupigana na upepo. Ninapopanga njia nahesabu kilomita moja na kidogo tu. Sasa chukua mikoko yenye upana wa kilomita tatu. Ukiwa katikati yake uko kilomita moja na nusu kutoka kila ukingo, kwa hiyo kwa mita 300 hufiki popote. Mimi huvuka nikiwa mita 600 au zaidi, na mawingu yakinizuia kupanda hadi hapo, sivuki siku hiyo. Nazunguka upande wa pwani au narudi nyumbani.

Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, na ukifika kwetu umeshakuwa mto wa tope unaojipinda pinda kabla ya kuingia baharini kaskazini kidogo ya mji. Mlangoni pake kuna mikoko, michu na mikandaa iliyoshikana. Ukiendelea kaskazini unaufikia Wami, unaomwaga maji yake ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005, hifadhi pekee ya taifa Tanzania bara ambako wanyama wa nyika wanafika hadi ufukweni. Mito yote miwili ina viboko na ina mamba, wale wa aina ya Mto Nile, ambao dume aliyekomaa hufika mita nne na wengine hupita tano. Wanakaa hata kwenye maji ya mlangoni yaliyochanganyika na chumvi, kwa hiyo usijidanganye kwamba ukiisikia bahari umeshawaacha nyuma.

Kabla sijaruka mara ya kwanza juu ya Ruvu nilikwenda kwa miguu hadi kwenye dago la wavuvi wa kamba. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, na usiende mikono mitupu. Chukua sukari na majani ya chai. Nilimkuta mzee mmoja akishona nyavu. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tukakaa. Nilipomweleza ninachotaka kufanya alinyamaza, kisha akataka kujua kama naweza kuona nyayo nikiwa juu. Nikamwambia nikishuka kidogo naona. "Basi mwanangu, mchanga ukiuona mweupe na hauna unyayo wa mtu, jiulize kwa nini watu hawaupiti. Pale pana wenyewe."

Sijapata somo la urubani lililonifaa kuliko hilo. Kutoka angani unajifunza haraka kutambua mahali panapokanyagwa: njia nyembamba kwenye majani, mitumbwi iliyovutwa juu, nyavu zilizoanikwa, moshi wa chai. Penye hayo watu wamekaa miaka na wanajua ni wapi pa kuchotea maji na wapi pa kuacha. Fungu la mchanga lililo safi kabisa, lenye mifereji laini inayoshuka majini, ni mahali mamba wanapoota jua asubuhi na kuteleza kurudi mtoni. Mzee yule alinionyesha pia kijito ambacho wao wenyewe hawakivuki kwa miguu hata maji yakiwa ya magotini. Nilikiweka kwenye ramani yangu, na mpaka leo sikikaribii.

Viwanja halali vimebaki vichache, na kila kimoja nimekitembelea kwa miguu. Kuna ufukwe wenyewe. Kuna mashamba ya bara, nyuma ya mikoko, ila mengine yana visiki vilivyofichwa na nyasi. Kuna uwanda mtupu wenye chumvi unaopatikana kati ya mikoko na nchi kavu, na kuna mashamba ya chumvi kama ya Nunge. Uwanda wa chumvi ukikauka ni mgumu na tambarare. Ukilowa, iwe kwa mvua au kwa bamvua, yaani maji ya bahari yakijaa kupita kawaida, unateleza na unameza gurudumu la mbele, na ndege ya namna hii gurudumu la mbele likizama inapinduka. Mashamba yenyewe ya chumvi yana matuta kati ya bwawa na bwawa. Tua sambamba na tuta, na uyapishe mabwawa yenye ndege wa majini, kwa sababu kundi la heroe likiruka mbele ya propela hakuna ujanja.

Ufukwe unahitaji kujua maji, na hapa ndipo mtoto wa pwani ana faida kubwa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Ukiruka saa kumi na mbili na nusu, maji yanakuwa yanatoka, na kila dakika ufukwe unazidi kupanuka chini yako. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa hizo hizo maji yanajaa, na sehemu nyingi unabakiwa na kamba nyembamba ya mchanga ulioinama, laini, wenye mwani na magogo. Mimi kwa hiyo huruka kwenda Wami siku za bamvua tu. Siku za maji mafu nazunguka jirani na mji. Usitue kwenye tope jeusi linaloachwa wazi maji yakipwa, hata likionekana limekauka. Tua upande wa juu wa ufukwe, karibu na alama ya mwisho ya maji kujaa, kwenye mchanga ulioshindiliwa.

Upepo nao una hesabu yake. Wakati wa kusi unavuma kutoka kusini, kwa hiyo safari ya kaskazini ni tamu na ya kurudi ni ya jasho. Chukua safari ya kilomita 35 na upepo wa kilomita 25 kwa saa: kwenda utatumia dakika 20, kurudi karibu 40. Anayejaza mafuta kwa hesabu ya kwenda atamalizia safari juu ya mikoko. Weka mafuta ya nusu saa zaidi ya hesabu yako mbaya kuliko zote. Wakati wa kaskazi ni kinyume, na kidogo ni afadhali, kwa kuwa unarudi ukisukumwa. Vyovyote iwavyo, kabla ya saa tatu asubuhi uwe umetua. Baada ya hapo jua linachemsha ardhi, hewa inaanza kuruka juu chini, tai wanapanda nayo, na upepo wa bahari unaingia. Joto la nyuzi 30 lenyewe linapunguza nguvu ya injini na ya bawa. Hapa usawa wa bahari ndege inajiona kama iko mita 500 na ushee juu. Utaliona hilo siku ukimpakia abiria mzito.

Asubuhi nayo ina lake. Bonde la Ruvu hushika ukungu, na penye unyevu mwingi barafu inaweza kuganda ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, na kuzima injini, hata hewa ikiwa na nyuzi 20, hasa ukiwa umepunguza injini ili ushuke taratibu. Kwa hiyo usishuke juu ya mto. Shuka juu ya nchi kavu, na kila baada ya muda ongeza kasi ya injini uisikie inaitika.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Vaa jaketi la kujiokolea, lakini liwe la kujaza upepo kwa kuvuta kamba. Yale yanayojijaza yenyewe yakigusa maji yatakubana chini ya bawa. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji, mfukoni mwako, maana kilichobaki kwenye kigari huenda usikifikie tena. Ongeza filimbi, kisu cha kukatia mkanda, maji ya kunywa na tochi. Kama mfuko unaruhusu, nunua kile kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406. Nchi kavu awepo mtu anayejua saa yako ya kurudi, na awepo mwenye boti aliyelipwa mapema na anayejua vijito. Hao wawili nawathamini kuliko kifaa chochote.

Na ikitokea umeshuka pabaya? Ukiwa na uchaguzi kati ya mto na vichwa vya mikoko, chukua mikoko. Ichukulie kama ndiyo ardhi, punguza mwendo hadi bawa likaribie kuishiwa nguvu ya kukubeba, kaa juu ya matawi. Utaumia pengine, ila utakuwa juu ya maji. Majini kigari hupiga magurudumu na kupinduka mbele, na bawa linakufunika. Ukianguka majini, subiri mtikisiko uishe, shika kitu kisichosogea, fungua mkanda, toka pembeni, ndipo uvute kamba ya jaketi.

Ukishakuwa kwenye ukingo, panda juu, mbali na maji, na ukae. Mamba hushambulia penye mpaka wa maji na nchi, kwa kushtukiza, na anaweza kukaa chini ya maji muda mrefu bila wewe kuona hata povu. Usinawe damu mtoni. Usivuke kijito ili ufuate moshi unaouona ng'ambo, hata kiwe na upana wa chumba. Usisimame kwenye njia iliyolainishwa na viboko, kwa sababu alfajiri wanarudi majini na hawampishi mtu. Piga filimbi, tuma ujumbe, ngoja boti. Giza likiingia, panda mti au kaa juu ya mabaki ya ndege.

Vibali sitavirefusha. Ndege iandikishwe, leseni iwe hai, na kila safari iwe imepita kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwani anga yetu iko jirani na njia za ndege zinazokwenda Dar es Salaam na Zanzibar. Juu ya Saadani usiingie bila kuzungumza na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukirudi, osha ndege nzima kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, nyaya na boliti kwanza, na petroli ipitishe kwenye chujio kabla ya kuchanganya na oili.

Nimeacha la mamba wenyewe mwisho kwa kuwa nawapenda, na nataka nawe uwaone. Asubuhi jua likipanda wanatoka, na ukipita mita 300 juu utadhani ni magogo, mpaka upite tena ukute gogo moja halipo. Usishuke zaidi ya hapo. Jike hutaga mchangani wakati wa kiangazi na kulinda mayai karibu miezi mitatu, akila kwa nadra. Mngurumo wa injini ukimfukuza akaingia majini, kenge wako tayari majanini na hawachukui muda kufukua. Kwa hiyo kuanzia jike wanapoanza kukaa mahali pamoja siku baada ya siku, mimi huhamisha njia yangu kabisa nikapita upande wa bahari, na picha napiga kwa lenzi ndefu. Wavuvi watakwambia mwezi gani wameanza. Kila mwaka mimi huwauliza.