Ukame na jirani mpya: kwa nini midomo ya ndege ilipungua unene?

SWALI: Habari zenu. Shuleni tulifundishwa viumbe wanabadilika kufuata mazingira, yaani joto, baridi, mvua. Mdogo wangu anabisha, anasema kinachowasukuma zaidi ni wao kwa wao, kuwindana, kugombania chakula, magonjwa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, mdogo wako kashika jambo kubwa, maana mazingira ya kiumbe si jua na mvua tu, jirani anayekula chakula chako naye ni mazingira.

Twende Galapagos, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kwenye kisiwa kidogo cha Daphne Major, ambako wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walipima midomo ya ndege mwaka baada ya mwaka. 1977 ukame ulipiga, mbegu ndogo zikaliwa zikaisha, zikabaki zile kubwa ngumu za jamii ya mbigili, basi chiriku wa ardhini wenye midomo minene ndo walioweza kuzipasua, wengine wakafa kwa wingi, na vifaranga vya waliopona vikarithi unene huo. Utasema si ndo ukame huo? Ngoja. 1982 wakaanza kuzaliana pale chiriku wa aina nyingine, wakubwa zaidi, mbigili ndo chakula chao. Ukame ukaja tena 2003 na 2004, safari hii wageni wakazimaliza mbegu kubwa, wenyeji wenye midomo minene wakafa njaa, waliopona wengi ni wenye midomo midogo wanaookoteza vimbegu. Kisiwa kilekile, ukame tena, ila mdomo ukaelekea upande wa pili kabisa kwa sababu ya jirani! Mimi kila nikiusoma mfano huu nasisimka.

Hakuna ndege aliyebadili mdomo wake lakini, walitofautiana tangu kuzaliwa, njaa ikachagua nani aache watoto. Huo ndo uteuzi asilia.

Na baridi haikujibu ukiizoea, kiumbe mwenzako anajibu. Australia walisambaza virusi vya miksoma 1950 kuua sungura, mwanzo karibu kila aliyeugua alikufa, ila sungura akifa haraka mbu wanakosa muda wa kumuuma na kubeba virusi, hivyo ndani ya miaka michache virusi vipole kidogo ndo vikatawala, na huku sungura waliobaki wakazaa watoto wenye kinga zaidi, halafu baadaye virusi navyo vikapata makali mapya dhidi ya hao hao sungura wagumu.