Kwa Pollock, badilisha umbali

Swali la wiki: picha isiyo na mtu, mti wala nyumba, mtazamaji aipende kwa lipi?

Nianze na Jackson Pollock (1912–1956), Mmarekani aliyetandika turubai sakafuni na kuidondoshea rangi ya kupakia nyumba kwa vijiti na brashi zilizokauka. Wengi husimama mbele ya kazi yake wakisaka uso uliojificha, kama watoto na mawingu. Watachoka bure. Kinachofanana na maumbile pale ni jinsi mistari inavyotawanyika: kama mti, ambao tawi lake dogo hugawanyika mithili ya lile kubwa.

Kwa hiyo cheza na umbali. Autumn Rhythm ya 1950, iliyoko Metropolitan Museum, New York, ina upana wa mita 5 na ushee. Itazame kutoka mbali hadi yote ikuingie machoni, kisha sogea polepole hadi ibaki mita 1. Msukosuko wa mistari haupungui. Unarudi ule ule kwa udogo.

Mwaka 1999 mwanafizikia Richard Taylor na wenzake waliuita mpangilio huo fraktali, wakaupima. Jaribu mwenyewe juu ya nakala iliyochapwa: chora miraba ya sentimita 2, hesabu iliyoguswa na rangi moja uliyoichagua, kisha rudia kwa miraba ya sentimita 1. Mstari mnyoofu utakupa hesabu maradufu. Eneo lililopakwa lote, mara 4. Ukipata takriban mara 2.8, kipimo cha fraktali ni 1.5, katikati ya mstari (1) na eneo (2). Endelea kupunguza, ila usifike mahali mraba umekuwa mdogo kuliko unene wa mstari: hapo unapima upana wa rangi tu. Nakala yenye ukungu nayo huharibu hesabu, maana vijistari huungana.

Namba hiyo isikulevye, lakini. Mwaka 2006 wanafizikia Katherine Jones-Smith na Harsh Mathur walionyesha kuwa hata michoro ya ovyo hufaulu mtihani huo, na kwamba tofauti kati ya mraba mkubwa na mdogo uliotumika ni finyu mno kuthibitisha fraktali. Hoja nzito, kwa maoni yangu.

Kinachovutia zaidi ni mkono. Asali ikidondoka kutoka kijiko kilichoinuliwa hujikunja viduara. Utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba Pollock aliepuka mikunjo hiyo kwa kasi ya mkono na kimo cha kudondoshea. Basi fuata mstari mmoja kwa jicho: palipo pembamba, mara nyingi mkono ulikimbia, palipovimba, ulisita.