Ukichomwa sindano ya goti, rudi upigwe picha

Baridi yabisi ilinianza kwenye vidole, ikahamia goti la kulia. Sindano yangu ya kwanza ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, daktari alipapasa goti kwa vidole akachoma. Siku ya tatu nilipanda ngazi bila kushika ukuta. Nikamshukuru Mungu na kliniki sikurudi. Miezi miwili baadaye goti likajaa tena, nikawa sikunji mguu hata kuswali.

Ya pili ilichomwa kwa kuongozwa na ultrasaundi, kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti. Kwenye skrini niliona maji, doa jeusi juu ya pia ya goti, na utando wa ndani ulionenepa. Daktari alipowasha dopla, sehemu ya kipimo hicho inayoonyesha damu inavyotembea, vidoa vyekundu vikawaka kwenye utando kama makaa. Hiyo ni damu inayokimbilia penye uvimbe, akanieleza. Kisha sindano ikaingia, kistari cheupe, mpaka penyewe.

Wiki ya sita nilirudi kupimwa nikiwa sina maumivu hata kidogo, naona kama napoteza nauli. Maji yalikuwa yamekauka, ila vidoa vichache bado vinawaka. Maumivu yalikuwa yametangulia kuondoka, ugonjwa umebaki. Daktari hakunichoma tena. Aliniongezea dozi ya methotreksati, dawa ya baridi yabisi inayofanya kazi mwili mzima, kwa sababu sindano hutuliza kiungo kimoja tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, omba picha kabla ya kuchomwa. Bila hiyo, ya baadaye utailinganisha na nini? Tunza picha zenyewe pamoja na ripoti, na ukiweza rudi kwa mpimaji yule yule, goti likunjwe vile vile. Tena uangalie mkono wake: kifaa kikikandamizwa sana, vimishipa hubanwa, vidoa vinapotea, na goti bovu linaonekana zima. Mimi husema, "Dada, naomba jeli zaidi na mkono mwepesi." Hajawahi kukasirika mtu.

Ultrasaundi haina mionzi, kuirudia si tatizo. Sindano ndiyo ya kuhesabu. Kwa kiungo kimoja madaktari wengi hawavuki mara 3 au 4 kwa mwaka. Mwenye kisukari apime sukari nyumbani, maana hupanda kwa siku kadhaa.

Maumivu yakizidi siku moja au mbili za mwanzo, mara nyingi hupoa yenyewe. Lakini ukipata homa, na goti likawa jekundu na la moto, usingoje tarehe ya picha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.